Rodi Zilizolowa

Kwaya ya watoto ya kanisa letu ina watoto thelathini na wanane. Najua idadi hiyo kwa sababu Jumapili ile, kabla hawajaanza kuimba, niliwahesabu mara nne, nikiomba kila mara niwe nimezidisha.

Walikuwa wamepanga mstari mlangoni, soksi nyeupe, tai nyekundu, wakisubiri kupanda roshani mpya ya chuma iliyokuwa ikizinduliwa siku hiyo. Roshani niliichomelea mimi, Thuo, wiki tatu nzima, ndani ya kanisa letu la mabati nyuma ya karakana za Kariobangi. Ilipendeza. Kila aliyeingia aliinua macho na kutikisa kichwa kwa mshangao. Na katika dunia yote ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba pembe yake ya kushoto ilikuwa imeshikwa na rangi.

Kwa asiyejua kazi yetu, rodi ni ujiti wa chuma uliovikwa unga mgumu, ambao fundi huuyeyusha ili vyuma viwili vishikane. Unga ule ukinywa maji, kazi imeharibika. Chuma huchemka kikiyeyuka, na kikipoa hubaki na vitundu ndani kama mkate. Kwa nje unaweza kukisaga, ukakipaka fila, ule uji mzito wa kuziba mashimo, ukakipiga rangi, kikang'aa kuliko kazi halali. Ndivyo nilivyofanya.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Kilikuwa kimebaki kikono kimoja tu, kile kinachoishika boriti kwenye nguzo ya kushoto, karibu na ngazi. Mvua ilikuwa imepenya dirishani usiku uliotangulia na kukuta pakiti yangu ya rodi sakafuni. Owen, mpaka rangi, alikuwa amekwisha koroga rangi yake na alikuwa akinicheka kwamba naremba chuma kama bibi harusi. Rodi kavu nilijua zilipo. Zilikuwa ng'ambo ya barabara, katika karakana ya Mzee Ngui, ndani ya kisanduku cha bati kilichowashwa balbu mchana na usiku ili zisinywe unyevu. Mzee Ngui huzilinda rodi zake kama vifaranga. Hatua hamsini, labda sitini.

Sikuvuka.

Majuma mawili kabla ya hapo, katika mkutano wa ujenzi, Pasta Wakiuru alikuwa amependekeza Mzee Ngui aje akague kazi yangu kila jioni. Mzee ndiye aliyenifundisha kuchomelea, nilipofika kwake nikijua kubeba mitungi ya maji tu. Lakini siku hiyo nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mashine yangu, nina jina langu limeandikwa kwenye mageti hadi Baba Dogo. Nilisimama nikasema: "Mzee amefanya yake. Macho aliyobaki nayo yanamtosha kusoma Zaburi, tena ile ya herufi kubwa."

Watu walicheka. Mzee naye alicheka kidogo, kisha akavua miwani akaifuta kwa upindo wa shati, muda mrefu, kana kwamba ilikuwa na vumbi jingi.

Baada ya maneno yale, nivuke barabara nimwombe rodi? Nilisema bora nife. Sikufikiri kwamba wa kufa huenda asiwe mimi.

Kwa Mzee Ngui kuna sheria moja: ukichomelea, panda. Fundi huirukia kazi yake mbele ya mwenye mali kabla ya mtu mwingine kuikanyaga. Jumamosi wazee wa kanisa walipokuja kuipokea roshani, niliruka. Niliruka kwa nguvu, mara tatu, mabati yakalia hadi nje. Lakini niliruka upande wa kulia, kwenye ukuta, mahali nilipotumia rodi kavu. Mzee Ngui alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza: na huku kushoto?

"Chuma ni kimoja, Mzee," nikamjibu.

Aligeuka akaenda zake. Nami nilijifariji kwamba watakaokaa juu ni waimbaji wanane wa nyimbo za sifa, nao nitawaambia wakae ukutani. Kisha Mwongeli, mwalimu wa kwaya, akatangaza kwa furaha kwamba siku ya uzinduzi wataimba watoto. Wote.

Basi Jumapili nikaketi benchi la nyuma na Owen, mkono wangu mmoja umekamata mwingine. Owen alinitazama mara mbili akaninong'oneza, "Buda, mbona unatoa jasho hivi na pasta hata hajaanza? Kwani umekula sadaka?"

Sikucheka. Nilikuwa nikisubiri wakati wa ushuhuda. Kanisani kwetu, kabla ya kwaya, yeyote mwenye jambo husimama akalisema, liwe la shukrani au la toba, na watu humsikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nimejiambia tangu alfajiri: utasimama hapo, utasema, watoto hawatapanda. Ni maneno machache. Pembe ya kushoto ni mbovu.

Nikasimama. "Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina."

Nyuso zikanigeukia, mia mbili na zaidi, zote zikitabasamu. Mdomo wangu ukafunguka, na nikausikia ukisema kwamba namshukuru Mungu kwa kuitumia mikono hii kumjengea nyumba. Ukaendelea kusema kwamba wapo waliodhani kijana hawezi. Makofi yakanyesha juu ya bati. Nilimwona Mzee Ngui, benchi la tatu, akipiga makofi kuliko wote.

Nikaketi. Pasta Wakiuru akaashiria, na mstari wa watoto ukaanza kupanda.

Viatu vyao vililia juu ya ngazi, ko, ko, ko, kila kimoja kikija kunigonga kifuani. Mwongeli alikuwa juu akiwapanga, warefu nyuma, wafupi mbele, na wadogo kabisa kwenye pembe ya kushoto ili waonekane vizuri. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Nikasali kama mwizi, bila kutaja kosa, nikitaja tu adhabu nisiyoitaka. Thelathini. Thelathini na wanane.

Wakaanza kuimba, na kama ilivyo kawaida ya watoto wetu, wakaanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto.

Nikasikia tik.

Mlio mdogo, kama kucha ikikatwa. Owen aliinua kichwa. "Ai, rangi yangu inapasuka? Na niliipiga mara mbili." Juu ya kikono, mahali pa ile fila laini niliyoisifu mwenyewe, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Unga mweupe ulikuwa ukianguka, kidogo kidogo, juu ya benchi tupu lililokuwa chini.

Mimi nina sauti. Nikimwita mtu kutoka karakana yangu, wanageuka hadi wa stendi. Nilisimama, nikavuta pumzi nipige kelele washuke. Hapo ndipo woga wa kweli ulinishika, ule usiokuwa na jasho tena, baridi tupu. Ngazi ilikuwa upande ule ule wa kushoto. Watoto thelathini na wanane wakisikia kelele, wote wangekimbilia pembe ile kwa mkupuo mmoja. Sauti yangu ndiyo ingewaangusha.

Alihitajika mtu anayejua chuma na anayejua kunena polepole. Hapo kanisani alikuwa mmoja tu.

Nilitembea. Nilifika benchi la tatu, nikapiga magoti kwenye ile nafasi nyembamba mbele ya Mzee Ngui, na mama mmoja pembeni, akidhani nimeguswa na Roho, akaniwekea mkono kichwani akaanza kuniombea. Chini ya mkono ule nikasema sikioni mwa Mzee:

"Mzee, pembe ya kushoto. Rodi zilikuwa zimelowa. Nilijua."

Hakunikemea. Hata hakunitazama. Alitazama juu, akavaa miwani yake vizuri, akainuka na goti lake bovu kama mtu anayekwenda kunywa maji. Alisimama chini ya roshani akamwambia Mwongeli maneno machache ya Kikamba, kwa sauti ya kumjulia mtu hali. Mimi sijui Kikamba. Lakini niliuona uso wa Mwongeli ukibadilika, kisha nikamwona akiulazimisha kutabasamu. Aliwaambia watoto wasiache kuimba. Aliwaambia tunacheza mchezo wa paka: kila mtoto anyate mpaka ukutani, bila kuyumba, mmoja mmoja, wadogo kwanza.

Mzee aliniamuru nilete mlingoti wa hema uliokuwa nyuma ya mlango. Tuliusimamisha juu ya benchi, chini ya boriti. Ulipungua kiganja kimoja, Owen akaleta kipande cha ubao, nikakigongomea kwa ngumi hadi kikakaza. Nikaukumbatia mlingoti ule. Juu yangu boriti iliguna.

"Mzee, ondoka hapa chini," nikamwambia. "Tafadhali."

Alikuwa ameushika mlingoti upande wa pili. "Nani alikufundisha kuchomelea?"

"Ni wewe."

"Basi kazi ni ya wawili. Shika."

Pasta Wakiuru alikuwa amekwisha waondoa watu wa mabenchi ya karibu, kwa mkono tu, bila neno. Watoto wakaanza kushuka. Kila mmoja alipokanyaga pale juu, mlingoti ulitetemeka mikononi mwangu na fila ikanidondokea machoni, nami sikuweza kujipangusa. Niliwahesabu mara ya tano. Walikuwa bado wanaimba, sauti zikipungua juu na kuongezeka chini, hadi juu akabaki Mwongeli peke yake, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi.

Aliposhuka, wimbo ulikatika, na mia mbili wakanitazama.

Pasta alinipa kipaza sauti. Miaka yote nilikuwa nikikikataa, nikisema sauti niliyopewa inatosha. Siku hiyo nilikihitaji. Nilisema kuhusu rodi na fila. Nilisema niliruka upande wa kulia kwa makusudi. Nilisema kwamba hatua sitini zilinishinda kwa sababu nilikuwa nimemtukana mzee aliyenilea, nikaona aibu kumwomba, na kwamba ushuhuda wangu wa asubuhi ulikuwa uongo mtupu. Hapakuwa na makofi.

Mwongeli alikuwa amemshika bintiye mkono. "Kavindu wangu alikuwa pale pembeni," alisema, taratibu, kama anayejisemea mwenyewe. "Nilimweka mimi kwa mikono yangu." Kisha akamwinua mtoto, ingawa alikuwa mkubwa mno kubebwa, akatoka naye nje.

Nikaanza kutoka pia, kwa mlango wa pili. Nilijua sitarudi. Nilikuwa nimeanza kufikiri ni mtaa gani nitahamia ambapo hawalijui jina langu.

"Thuo," Pasta Wakiuru akaita. Hakuwaambia watu wanisamehe, wala hakunisemea. "Watoto watamalizia wimbo wakiwa chini. Ibada haijaisha. Keti."

Nikatazama mabenchi. Hapana aliyenitazama. Kisha yule mama aliyeniwekea mkono kichwani akauvuta mkoba wake, akausogeza mwili wake mzito kando, akagonga benchi mara mbili kwa kiganja. Nikaketi. Nilikaa pale hadi baraka ya mwisho, na bega lake halikusogea.

Jumatatu asubuhi Mzee Ngui alikuja na nyundo. Aligonga kikono mara mbili tu, si kwa nguvu, kikaning'inia. Akaniwekea kiganjani kipande cha ile kazi yangu, chenye vitundu vingi, akaniacha nikitazame mpaka nikachoka. Kisha akafungua kisanduku chake cha bati, balbu ikiwaka ndani, akasema chagua. Nilichomelea. Akasogeza miwani yake hadi karibu iguse chuma, akasema saga, rudia. Nikarudia. Saga, rudia. Mara ya tatu alinyamaza, akaenda kunywa chai.

Jumapili iliyofuata Mwongeli alirudi. Hakunisalimia. Aliwapanga watoto wake chini ya roshani, akasimama mbele yao kama geti, akanielekeza juu kwa kidevu. "Panda."

Nilipanda. Sikuwa nimewahi kuogopa chuma, lakini asubuhi hiyo kila kidato kilikuwa na swali. Mkono uliodanganya ndio huo huo uliotengeneza. Nilikwenda pembe ya kushoto, mwisho kabisa, nikaruka. Mabati yalilia. Kikono kilinyamaza.

"Ruka tena," akasema.

Nikaruka. Mzee Ngui alikuwa benchi la tatu, ameinamisha kichwa akisikiliza, si akitazama. Owen aliuliza kwa upole kama hiyo haitoshi, madam, maana rangi pia ina roho. Mwongeli hakugeuka.

"Tena."

Nilimtazama Kavindu, aliyekuwa ameshika sketi ya mamake, mkono mmoja hewani akinihesabia kwa vidole. Alikuwa amefika viwili. Nikaruka.