Koti Linalosikika

Jumapili ile ulibaki wimbo mmoja tu albamu yetu ya kwanza ikamilike. Tajiri aliyemwajiri Spana, mpiga ngoma wetu, alikuwa ameuza gereji tuliyorekodia, na kesho yake asubuhi mnunuzi angekabidhiwa funguo. Hatukuwa na mahali pengine ambapo watu watatu wangeweza kupiga roki kwa makelele yale bila jirani kuja kugonga mlango.

Spana, fundi magari wa hapo hapo, alikaa nyuma ya ngoma, kope zimepakwa rangi ya fedha, kucha bado zina grisi. Dada yangu alisimama na gitaa juu ya buti za visigino virefu, amevaa koti alilolishona mwenyewe, puleki tupu kuanzia kola hadi pindo, linametameta hata macho yanauma. Mimi napiga besi. Na kwa kuwa nimejifunza mitambo kwa kuifumua na kuiunganisha upya, kurekodi nako ni juu yangu.

Siku hiyo nilikuwa nimeazima hedifoni nzuri, maana zangu zilikuwa zimechoka. Tulipopiga mara ya kwanza, nikasikiliza.

Chwa, chwa, chwa.

"Kuna kitu kinachakarisha," nikasema.

"Masikio yako hayo," Spana akajibu.

Nikabadilisha waya. Nikasogeza maikrofoni. Nikazima feni, tukapiga tena huku jasho linatutiririka na rangi ya Spana inamshukia mashavuni. Chwa, chwa. Nikamwomba akaze skrubu za ngoma zake. Akazikaza kwa kinyongo, kama mzazi aliyeambiwa mwanawe hajaoga. Chwa.

"Mdogo wangu, jua linatuacha," Dada akasema, akanigeukia. Koti likafanya chwa.

Sote tukalitazama.

"Hapana," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Dada, wimbo mmoja tu."

"Silivui. Nikilivua hili mimi ni karani wa benki."

"Kwani si karani wa benki?" Spana akauliza.

"Leo Jumapili!"

Mwishowe akalivua, akabaki na fulana. Na kweli, aliimba kama anayeita wateja kwenye foleni. Tukarudia. Tukarudia tena. Sikuona kosa la kumwonyesha, na hilo ndilo lililonikera zaidi: kila kitu kilikuwa sawasawa, na wimbo haukuwa na uhai hata chembe.

Spana akatupa vijiti chini. "Basi ligeuze! Puleki ziende ndani!"

Dada akaligeuza, akalivaa. Puleki zikamkwaruza shingo na mikono. Kila akipiga gitaa anakunja uso, na akaimba kwa hasira niliyokuwa siijui, mimi niliyekua naye nyumba moja. Tulipomaliza hakuna aliyejitikisa mpaka toazi la mwisho likanyamaza.

"Umeupata?" Dada akauliza.

"Nimeupata. Safi kabisa."

Spana akapiga yowe. Dada akalivua koti haraka, akaanza kujikuna. "Sasa sikiliza albamu yote, tangu mwanzo."

Nikavaa hedifoni. Wimbo wa kwanza: chwa, chwa, chwa. Wa pili vilevile. Hedifoni zangu kuukuu zilikuwa zimenificha hilo siku zote hizo. Koti lilikuwemo kila mahali, isipokuwa kwenye wimbo wa mwisho. Nikampa Dada asikilize, naye akampa Spana.

"Huu wa mwisho," Spana akasema taratibu, "kama si sisi."

Nilitamani kulia. Kurudia nyimbo zote haikuwezekana. Nje, tajiri alikuwa juu ya ngazi anabandua kibao cha gereji, na tulisikia misumari ikidondoka.

Nikaligeuza koti, puleki zikarudi nje. Nikalishika mabegani, nikasimama mbele ya maikrofoni, wimbo wa mwisho ukinipigia masikioni. Sauti niliyoiwinda kutwa nzima, sasa niliitengeneza kwa mikono yangu, niirekodi juu ya wimbo.

"Polepole, wewe! Mimi sichezi hivyo," Dada akanifokea.

"Unachezaje?"

"Bega la kulia tu. Kwenye kiitikio, yote mawili."

"Na nyonga?" Spana akachokoza.

"Nyamaza, unarekodiwa!" nikasema, na hapo nami nikawa nimerekodiwa.

Ngazi ikaburutwa ukutani. Nikarudisha wimbo mwanzo, nikalitikisa bega la kulia.