Konrodi ya Silinda ya Pili

Injini ilipotolewa majini, kitu cha kwanza alichokifanya Fundi ni kuirudisha majini.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Vijana waliokuwa wakichimba njia ya meli walikuwa wameinyanyua kwa minyororo kutoka kwenye tope, wakaibwaga mbele ya karakana yake. Yeye, badala ya kuifuta na kuianika kama mtu mwenye akili zake timamu, akaitumbukiza kwenye tangi kuukuu la maji safi na kuifunika turubai. Mdogo wake, ambaye mji mzima ulimwita Nahodha, alisimama pembeni na viatu vyake vinavyong'aa, akatikisa kichwa.

"Kaka, hiyo imelala majini zaidi ya miaka kumi. Bado haijalowa vya kutosha?"

Fundi aliendelea kukaza kamba za turubai. Angemjibu nini mtu aliyekulia kwenye karakana ileile, akafundishwa na baba yuleyule, na anayejua fika kwamba chuma kilichozama huanza kuliwa na kutu hasa pale kinapokutana na hewa? Unakiacha ndani ya maji mpaka siku utakayokuwa tayari kukifungua. Nahodha alilijua hilo vizuri. Alikuwa anawachekesha watu tu, na siku zote alikuwa na watu wa kuwachekesha.

Injini yenyewe ilikuwa dizeli ya zamani, ya silinda mbili, ya kuwasha kwa hendeli. Mzee, baba yao, aliiita Bibi, kwa sababu ilimzidi umri na haikupenda kuharakishwa. Ilizama na boti, na Mzee akazama nayo; mwili wake tu ndio uliopatikana. Walikuwa wawili tu safari ile, Nahodha ndiye aliyeshika usukani. Aliogelea mpaka nchi kavu, na alipopata pumzi akasema kwamba injini ilizimika katikati ya maji, wakaelea muda mrefu bila msaada, kisha mawimbi yakawatupa kwenye miamba. Na injini ile ilikuwa imetoka karakana wiki hiyohiyo. Aliyeihudumia ni Fundi.

Hakuna aliyehitaji kusema zaidi. Tangu siku ile, mwenye boti hata mmoja hakumletea nati ya kukaza. Aliishia kwenye mashine za kusaga na pampu za visima, kazi ambazo fundi akikosea, mtu hafi maji. Nahodha yeye alinyanyuka: boti moja, kisha nyingine, kisha kiti cha mbele kwenye kila kikao. Watu humpenda aliyenusurika, hasa akiwa na mdomo.

Yote hayo Fundi angeweza kuyameza. Kilichomshinda ni mama yake. Baada ya mazishi, Mama aliacha kumwita mwanangu. Akaanza kumwita Fundi, kama wateja wanavyomwita. "Fundi, umekula?" "Fundi, nisogezee hicho kiti." Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomkata maini. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na bado kila akiingia jikoni kwa mama yake alikuwa akilisubiri neno moja, na neno lenyewe haliji.

Ndiyo maana aliposikia Bibi amepatikana, aliomba iletwe kwake. Nahodha alitaka iuzwe kama chuma chakavu. "Jamani, tusifukue makaburi," alisema kwenye kikao cha familia, kwa ile sauti yake ya mikutanoni. Fundi alikataa katakata. Mama akakata shauri: "Mwachieni Fundi achezee." Alidhani anataka kuiwasha. Wote walidhani hivyo, isipokuwa Nahodha, aliyekunja uso na kuanza kuangalia simu yake.

Fundi alitaka kuona kitu kimoja tu. Maji hayabanwi. Injini iliyokwisha kuzimika ikizama, maji huingia taratibu yakajaa, basi, na vyuma vya ndani hubaki vimenyooka. Lakini ikimeza maji huku inazunguka, pistoni hupanda kwa nguvu zake zote, ikagonga maji yasiyobanika, na lazima kitu kisalimu amri. Kinachosalimu amri ni konrodi, kile chuma kirefu kinachounganisha pistoni na kranki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini. Konrodi hupinda. Ukiikuta imepinda, umejua kwamba injini ilikuwa ikizunguka ilipoingiwa na maji.

Na akizikuta zote mbili zimenyooka, basi maneno ya watu ni kweli, na yeye ndiye aliyemuua baba yake. Hilo nalo alilijua, na ndilo lililomfanya asiwe na haraka.

Alipoitoa kwenye tangi alizifungua nozeli, zile pua za kupulizia mafuta, siku hiyohiyo, akakamua maji, akamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kwenye kila silinda. Kisha akasubiri. Kila asubuhi aliongeza kidogo, akalijaribu gurudumu la injini kwa mkono, likagoma, akaenda zake kwenye pampu za watu. Fundi mwenye pupa angeleta nyundo kubwa, akapasua kila kitu, akasingizia uzee wa injini. Oili nyeusi ilianza kuchuruzika na harufu ya tope bichi. Boliti za kichwa cha injini alizilegeza moja baada ya nyingine. Mbili zilimkatikia mkononi, na akatukana matusi ambayo Mzee asingeyaruhusu mle ndani.

Siku gurudumu liliposogea, kichwa kikiwa kimeshatolewa, alilizungusha polepole huku akichungulia. Pistoni ya kwanza ilipanda mpaka kwenye mdomo wa silinda, sawasawa kabisa. Akazungusha tena. Ya pili ilipanda, ikapanda, ikakomea njiani. Ilipungua upana wa kidole kufika juu. Alirudia mara kadhaa, kama mtu asiyeamini mlango umefungwa, na kila mara ikakomea palepale.

Alizitoa konrodi zote mbili, akazilaza kwenye meza ya kazi. Moja ilikuwa imenyooka. Ya pili ilikuwa imepinda katikati. Fundi alikaa chini kwenye sakafu yenye oili, akalia kwa sauti, mtu mzima yule, na hakujali nani anapita barabarani.

Kisha akanawa mikono, akavaa shati safi, akaenda kwa mama yake na chuma kile kwenye gazeti.

Mama alikuwa anakunja nguo. Fundi alimweleza yote kwa pupa, maneno yakigongana. "Haikuzimika, Mama! Ilikuwa inakwenda mpaka maji yanaingia. Waligonga mwamba injini ikiwa inanguruma. Sikuikosea mimi. Umeona? Sikuikosea."

Mama aliikunja kanga aliyokuwa ameishika. Akaikunjua. Akaikunja upya.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Mdogo wako aliniambia siku tulipomzika baba yako. Alikuwa anashindana na boti nyingine. Mzee akamkataza, hakusikia."

Fundi alitafuta pa kukaa. "Siku ya mazishi? Miaka yote hii, Mama?"

"Ningefanyaje? Alisema akijulikana atajiua, na yule angejiua kweli. Nilikuwa nimeshazika mtu mmoja. Wewe ulikuwa na moyo mgumu tangu utotoni. Ukiumia, unarudi kwenye kazi yako." Akaiweka kanga juu ya nguo nyingine. "Kila nikikutazama nilikuwa naona nilichokufanyia. Mdomo ukakataa kukuita mwanangu. Nilikuwa naona aibu."

Akamshika mkono, akaubana kwa viganja vyake vyote viwili. "Mwanangu. Weka konrodi nyingine, uifunge hiyo injini. Yaishe hapohapo ulipoyaona. Mwanangu, nakuomba."

Neno lilikuja hivyo, likiwa limeshika bakuli la kuombea. Kibaya zaidi, lilimpasha moto mwili mzima, na kwa hilo Fundi alijichukia.

Akafanya alivyoombwa. Kwenye injini mbovu ya kusagia alipata konrodi ya kulingana, akaichonga, akasaga vali, akakata gasketi mpya kwa mkasi. Siku ya kuiwasha, ukoo wote ulijaa karakana, na wenye boti pia, wale waliomkimbia kama ukoma. Alizungusha hendeli mara kadhaa. Bibi alikohoa, akatema moshi mweusi, akazimika. Akazungusha tena. Safari hii ilishika: tuku, tuku, tuku, ule mwendo wa pole ambao walikua wakiusikia. Watu wakapiga makofi, baadhi wakajifuta macho.

Nahodha alijitokeza mbele, kama kawaida yake.

"Ndugu zangu," alipaza sauti juu ya injini, "leo kaka yangu amekitengeneza alichokiharibu. Mimi kwa upande wangu sina kinyongo. Kaka, mbele ya wote hawa, nimekusamehe."

Makofi yakaongezeka. Alinyoosha mkono wake, ukabaki unaning'inia hewani.

"Mwanangu," Mama alisema taratibu, macho yakimsihi, "mpe mkono mdogo wako."

Fundi aliinama, akavuta kitu chini ya meza ya kazi, akakiweka kwenye kiganja cha mdogo wake. Watu waliona kipande cha chuma kilichopinda, basi. Lakini Nahodha alikulia kwenye karakana ile. Alikitazama, akaitazama injini, akakitazama tena, na hotuba yote ikamkauka mdomoni. Vidole vyake vilijifunga kukizunguka kile chuma, akakificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa.

"Mwanangu," Mama alisema tena, safari hii kwa kunong'ona.

Fundi alichukua kitambaa, akaanza kujifuta oili, kidole kimoja baada ya kingine.

"Niite Fundi tu, Mama. Nimeshazoea."