Alama kwenye Kifuniko

Nilikuwa mjuaji miaka ile, pale maabarani Torino. Niliweka kifundo cha neva cha kifaranga kwenye kisahani, nikadondosha kichocheo cha ukuaji upande mmoja, nikautia alama. Asubuhi nikapiga kelele: nyuzi za neva zimelikimbia tone!

Profesa Ersilia akaja na kikombe chake cha kahawa, akachungulia.

"We Delfina, alama umeitia kwenye kifuniko?"

"Ndiyo."

"Kifuniko kinazunguka, bibi wewe! Neva haisahau njia. Hunusa kinachoilisha, ikakifuata."

Nilinuna siku nzima.

Sasa maabara ni yangu, na yeye tulishamzika. Lakini koridoni kukinukia kahawa, shingo yangu hugeuka yenyewe kuelekea mlangoni.