Jina Lililomvimbisha Firmin

Vidole vya Firmin vilinata mahali ambapo havikutakiwa kunata.

Alikuwa amepiga magoti kwenye majani yaliyolowa. Mkono mmoja ulishika chungu kidogo cha udongo, wa pili ukipapasa nyuma ya bati linaloelekeza utomvu wa msonobari chunguni. Bati lilikuwa limekaa upande. Kati yake na mti palikuwa na mwanya, na kwa mwanya ule utomvu ulikuwa umeteremka kiangazi chote, nyuma ya chungu, chini ya magome, hadi mizizini, ukaganda huko mweupe kama mafuta ya nguruwe yaliyopoa. Akaenda mti wa pili. Bati upande. Wa tatu, vilevile. Mabati yote hayo alikuwa ameyapigilia mwenyewe, kwa macho ambayo mkewe, Noélie, alikuwa amechoka kuyaombea miwani.

Masikio yakamwaka moto. Utomvu ule alikwisha kuutangaza kuwa umeibwa, na mwizi alikwisha kumtaja.

Katika misitu ile ya Landes watu huitwa kwa nyumba zao. Anayeingia nyumba huvaa jina lake; anayehama huliacha mlangoni pamoja na matope. Firmin alizaliwa katika nyumba iitwayo Lesbats, akawa Firmin wa Lesbats kwa kila mtu. Jina la ukoo, Dupin, lilikuwa la jeshini, la ofisi ya meya na la kaburini. Maana yake ni "wa msonobari", na kumwita hivyo mtu anayechanja misonobari tangu utotoni ni sawa na kumwita samaki "wa majini". Hakuna aliyelijali, mpaka siku ile Lubet, mpeleka barua na mlevi wa hadithi za zamani za wapelelezi, alipoegesha baiskeli mbele ya kilabu cha mvinyo.

"Jamani, mnajua tunakunywa na nani? Dupin! Huko vitabuni mpelelezi mwenye jina hili hukaa gizani Paris, anavuta kiko, anawaumbua polisi bila hata kuinuka kitini!"

"Firmin huyu?" akauliza mwenye kilabu. "Huyu hutafuta kofia ikiwa kichwani."

Walicheka, na Firmin akacheka. Lakini jina lilimpanda kama mvinyo unavyompanda mtu mwenye njaa. Akaanza kunyoa ndevu katikati ya wiki. Na vyungu vyake vilipoanza kutoka vimejaa nusu tu, Lubet akamchokoza kilabuni Jumapili baada ya misa, watu wote wakisikia: "Haya, Dupin, tufumbulie!"

Akafumbua. Alisimama, kidole gumba ndani ya mfuko wa kizibao, akasema kuna nyayo za viatu vya mbao zinazopita kwenye miti yake alfajiri, kisigino cha kushoto kimelika. Akasema mapipa ya jirani yanajaa, yake hayajai. Halafu akanyamaza, kama alivyoambiwa kuwa wapelelezi hunyamaza, akatazama kiatu cha kushoto cha Maylis wa Hourquet, mjane jirani yake aliyeingia kununua chumvi.

"Maylis, ulikuwa unafanya nini kule?" akauliza mtu.

"Napita."

"Unapita kwenda wapi, alfajiri?"

"Nimeshasema napita."

Firmin akapigiwa makofi. Habari zikamfikia Bwana Castaing, mwenye msitu na nyumba zote, naye akaamuru Maylis aondoke Hourquet Siku ya Mtakatifu Martin, siku ya wapangaji kuhama.

Jioni ile Noélie alimtilia supu kwa kishindo. "Alikuwa anafuata uyoga, mpumbavu wee! Nani atataja mahali pake pa uyoga mbele ya kilabu kizima? Wewe pako umeshanitajia mimi?"

Hakuwa amemtajia. "Ushahidi ni ushahidi," alijibu, akanywa supu.

Na leo ilikuwa Siku ya Mtakatifu Martin.

Angeweza kukwangua ule weupe, akanyoosha mabati, akaenda zake. Castaing hakuwa na huruma na mtu anayemharibia miti. Akikiri, nyumba ya Lesbats ingemtoka yeye pia, kama Hourquet ilivyomtoka Maylis. Firmin alikwangua kidogo, kweli. Alikwangua mpaka mkono ukagoma. Kisha akang'oa lile bati, akalishika kama anayebeba panya mfu, akaelekea Hourquet.

Majirani walikuwa wakimpakilia Maylis vitu. Lubet alitokeza chini ya godoro alilojitwika.

"Aa! Mpelelezi wetu kaja kuhakikisha!"

Maylis alikuwa ameshakaa juu ya mkokoteni nyuma ya nyumbu wawili, mapajani mnyororo wa kutundikia chungu mekoni. Mnyororo ule hutolewa mwisho. Ukitoka, nyumba imekwisha.

"Dada Maylis," alianza Firmin kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyeiba. Ni bati langu. Nilipigilia vibaya."

"Sema kwa sauti. Siku ile ulisema kwa sauti."

Akarudia, macho kwenye mchanga. Godoro likashuka taratibu kutoka kichwani mwa Lubet.

"Sasa, Dupin..."

"Usiniite hivyo."

"Castaing umemwambia?" akauliza Maylis.

"Bado."

"Atakutoa Lesbats."

"Najua."

"Utakuwa Firmin wa wapi?"

Maylis akaupapasa mnyororo. "Mimi nimelala nikijiuliza hilohilo. Maylis wa wapi."

"Kwa nini hukusema ni uyoga?"

Mjane akamkazia macho. "Uyoga gani?"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza haraka. Mbali, kwenye njia ya mchanga, mkokoteni mwingine ulionekana ukija na kabati na kitanda cha mtoto: wapangaji wapya wa Hourquet. Nyumbu wa Maylis wakasimamisha masikio.

Firmin akavua kofia. Aliona aibu kuivaa tena, akaishika pamoja na bati, akaanza kutembea kuelekea kwa Castaing. Alipopishana na wageni, baba yao alimsalimu kwa furaha, akamuuliza yeye ni wa nyumba gani. Firmin akaonyesha kwa kidole misonobari.

Nyuma yake alingoja kusikia magurudumu ya Maylis yakianza kulia. Hayakulia. Alisikia mnyororo tu, ukigongana polepole, bila kujua kama ulikuwa unashushwa urudishwe mekoni au unakunjwa vizuri zaidi kwa ajili ya safari.