Gari la Zahanati ya Toloon

"Sogeza beseni huku," Keskil alisema akiwa chini ya gari, mgongo wake juu ya ngozi ya kulungu.

Mkono wenye glavu ulisogeza beseni, na oili ya kiangazi ikaanza kushuka, nyeusi na nzito, ikijivuta kama haitaki kutoka. Oktoba haikuwa imeisha, na nje baridi ilikuwa imefika digrii thelathini chini ya sifuri. Jiko la kuni lilinguruma kwenye kona ya gereji.

Mwenye mkono ule aliitwa Nyurguyana. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, ameendesha malori ya mbao kwa miaka sita, na tangu Jumatatu alikuwa dereva msaidizi wa zahanati. Keskil hakuomba msaidizi. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa peke yake akiwavusha wagonjwa wa kijiji cha Toloon mto Aldan hadi hospitali ya wilaya, na gari halikuwahi kumzimikia njiani.

"Kwenye malori mlikuwa mnaweka oili gani?" aliuliza.

"Nyepesi. Inayomiminika hata ikilala nje."

"Afadhali hilo unalijua."

"Na chai najua kupika, mzee, kama ndilo swali linalofuata."

Chini ya gari kikatoka kicheko kifupi, cha mtu ambaye hakukusudia kucheka.

Kazi iliwachukua siku nne. Walibandika kioo cha pili kwenye kila dirisha, wakiacha nafasi ya kidole kati ya vioo, ili pumzi za abiria zisigande na kuwaziba macho. Walishona blanketi la sufu la kufunika injini, wakafunga kadibodi mbele ya rejeta, wakabadilisha kila mpira uliokuwa umeanza kukakamaa. Betri ililala karibu na jiko. Nyuma ya viti Keskil alipanga koleo, shoka, kamba ya kuvutia, bomba la moto la kupashia injini, makoti mawili ya manyoya, mkate na siagi.

"Gari likikufia kule, vidole vyako vina nusu saa," alimwambia. "Baada ya hapo hata kiberiti hukishiki."

Nyurguyana alisikiliza. Lakini pia alitazama. Aliona kwamba mzee huyu hakuziangalia nati; alizitafuta kwa vidole, kama mtu anayepapasa kitufe cha shati gizani. Siku ya tatu Keskil alimnyooshea kijiti cha kupimia oili.

"Hebu niambie imefika wapi. Miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake, mguu mmoja ukichungulia nje. Nyurguyana alisoma alama, akaitaja, akakifuta kijiti.

Keskil alijua alichonacho. Mama yake alikufa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kwake yeye ulianza masika, ukungu mwembamba kuzunguka kila taa, na sasa theluji na mbingu zilikuwa kitu kimoja. Hakumwambia mtu. Usiku alijilaza akiipitia njia ya mto kichwani, kona baada ya kona, akijihakikishia kwamba anayeijua njia namna ile hana haja kubwa ya kuiona.

Katikati ya Novemba, asubuhi, muuguzi Sardaana aliingia gereji, koti amelivaa mkono mmoja tu.

"Mwalimu Prokopy. Kidole tumbo, na kimechelewa. Barabara ya barafu juu ya mto ilifunguliwa juzi. Twendeni jua likiwapo."

Nyurguyana alimtazama Keskil. Keskil alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Mwalimu alilazwa nyuma, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Sardaana. Waliteremka ukingoni, wakaingia juu ya mto ulioganda, na kwa kilomita kumi na mbili gari lilikwenda sawasawa. Jua lilikuwa chini, mbele yao, na kila kitu kiling'aa. Keskil alifuata njia iliyokuwa kichwani mwake.

"Mzee, simama," Nyurguyana alisema taratibu.

Keskil alikanyaga breki kidogo kidogo, kama inavyotakiwa juu ya barafu.

"Kuna nini?"

"Matawi mawili yamepishanishwa mbele. Wamefunga njia. Maji yamepanda juu ya barafu."

Keskil alikaza macho. Aliona weupe, na ndani ya weupe, weupe mwingine.

"Mbali kiasi gani?"

"Karibu, mzee. Naona mvuke wa maji."

Nyuma, mwalimu aliguna. Keskil aliweka mikono yote miwili mapajani. Kisha akafungua mlango, akashuka, akazunguka gari huku ameshika boneti, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Kaa kule wewe," alisema. "Njia mpya lazima ipite kulia, kwenye kisiwa. Ukiona matawi ya alama, nitajie. Mimi nitakwambia kina cha maji."

Wakaenda hivyo, mmoja akiona, mwingine akikumbuka. Saa saba mwalimu alikuwa kwenye meza ya upasuaji, na saa tisa daktari alitoka akisema ataishi.

Keskil alikuwa amekaa ukumbini, kofia magotini. "Sardaana," alisema, "mtaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa macho. Nimewaendesha hivi tangu masika."

Sardaana alikaa kando yake. "Ulipaswa kuniambia."

"Nilipaswa."

Wiki iliyofuata Nyurguyana aliondoka peke yake kupeleka dawa ng'ambo ya mto. Hapakuwa na upepo, na moshi wa gari haukutawanyika. Ulibaki ukining'inia juu ya barabara, mrefu, wenye umbo la njia liliyopita gari. Keskil alitoka getini akaingia ndani ya ule moshi. Alitembea polepole, mikono mfukoni, akiisikiliza injini ikiteremka ukingoni, ikibadilisha gia, ikiingia kwenye barafu.