Mstari Ambao Sikuutembea

Ramani ile niliichora nikiwa nimekaa kitini, na ndiyo maana hadi leo siwezi kumtazama mjomba usoni.

Kazi yenyewe si ngumu. Kila kipande cha msitu ni nukta. Kama kima wanaweza kuvuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, unaunganisha nukta hizo kwa mstari. Kisha unafuta nukta moja na kuangalia kama mtandao umekatika. Halmashauri ilitaka kujenga ghala kwenye kichaka namba sita, kidogo kuliko uwanja wa mpira, wakauliza: kikifyekwa, kima watapita wapi? Nikajibu watapita namba tisa. Kwenye picha ya setilaiti, kutoka hapo hadi msitu mkubwa ni mita mia mbili tu. Nikavuta mstari, nikaenda kunywa chai.

Mjomba ndiye aliyefunga mitini kamera zetu za kunasa picha za wanyama. Namba sita alikipigania miaka minane, hadi wakamtania kwa jina la Wakili wa Kima. Siku ya kikao cha halmashauri alisimama.

"Mpwa wangu, huko namba tisa umepita kwa miguu?"

"Nimepita, mjomba."

"Basi mimi sina neno," akawaambia wakubwa. "Huyu nimemfundisha mwenyewe. Kwetu hatudanganyi." Akakaa.

Niliogopa kuonekana mvivu, basi. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Kichaka kilifyekwa kwa siku mbili. Mwezi uliofuata mjomba alikuja ofisini na picha tatu, akaziweka mezani moja baada ya nyingine. Ukuta wa zege, mrefu, vipande vya chupa juu yake, umekata njia kati ya namba tisa na msitu mkubwa. Chini ya ukuta, kima jike na mtoto aliyemng'ang'ania kifuani. Picha ya pili, saa nne baadaye, wako palepale. Ya tatu sikuimaliza kuitazama. Ukuta wenyewe ulikuwa umeota kuvu. Si wa jana wala juzi. Yeyote ambaye angefika pale kwa miguu angeuona.

Nilingoja anitukane. Ningemshukuru. Akavuta kiti, akasema kwa sauti ya chini:

"Halmashauri wameniita asubuhi. Wanauliza ni nani aliyekagua njia ile. Nimewaambia tulikwenda wote wawili, na kwamba ukuta haukuwepo."

Akazikusanya picha zake, akachukua kofia, akatoka bila kuaga.