Macho ya Mma Gaboipolelwe

Baba yangu ni Sebonego, mwana wa Ramokate, mwana wa Oteng. Wote watatu waliketi mstari wa mbele katika kgotla, baraza letu la Matlhakoleng, na hakuna aliyepata kuwaita waongo. Nami nasimulia kwa kipimo hicho hicho.

Asubuhi ya kesi, wanaume walifika na viti vyao vifupi vilivyowambwa ngozi, wakauzunguka moto. Mma Gaboipolelwe, mjane, aliketi chini, mabega yamefunikwa. Alidai ng'ombe wa marehemu mumewe. Mume huyo aliwakabidhi kwa mdogo wake, Rra Ketlogetswe, kwa desturi ya mafisa: awachunge, anywe maziwa, mali ibaki ya mwenyewe. Mwenyewe alipofariki, ng'ombe wote na ndama wao walikatwa masikio kwa alama ya mchungaji.

Tangu mazishi, mjane alikuwa na maradhi adimu. Mtu yeyote aliyekaziwa macho naye, mjane alimwona amepungua, na mtu huyo akapungua kweli. Daktari wa mjini alimweleza kwamba macho yake ni mazima, kasoro iko kwenye ubongo. Alimweleza hayo akiwa ameegemea chupa ya dawa iliyomzidi kimo. Mjane alipogeuza uso, daktari alirudia ukubwa wake, akaita mgonjwa mwingine.

Barazani, mjane alimtazama shemeji yake. Rra Ketlogetswe akapungua hadi kimo cha kikombe. Ndoo ya kukamulia ikafudikizwa, akapandishwa juu yake ili aonekane.

"Fumba macho, mchawi wee!" alifoka. "Nisimame kama mwanamume!"

"Kwani nimekukata miguu, shemeji? Nirudishie ng'ombe, nami nitatazama kwingine."

"Ng'ombe ni wa alama ya sikio! Kama ni wa mumeo, waite tuone kama watakuja."

"Punguza hasira, Rra," mzee mmoja alimwonya. "Kuna jogoo nyuma yako."

Walicheka, wakamfukuza jogoo. Kgosi Sediegeng, mkuu wa baraza, akauliza ni nani aliyeshuhudia makabidhiano. Nusu ya wanaume wale waliyashuhudia, wakanywa na pombe ya mtama siku hiyo. Lakini walilima kwa maksai wa kuazima kutoka kwa Rra Ketlogetswe, na mvua zilikuwa zimekaribia. Wakatazama moto.

"Basi alama ndiyo shahidi," alisema Kgosi.

Hadi hapo mjane alikuwa hajamtazama Kgosi, kwa kuwa mwanamke mwenye adabu huinamisha uso mbele ya mkuu. Sasa aliuinua. Kgosi akapungua hata kiti chake kikaonekana kitupu. Hukumu ilitoka kwenye kiti hicho kwa sauti nyembamba kama ya nyenje, na wanaume walijizuia kukohoa ili isipotee. Ng'ombe wote ni wa Rra Ketlogetswe. Mjane asikaribie malisho yao.

"Pula!" waliitikia wote, yaani mvua, baraka ya kuipokea hukumu, kama inavyostahili.

Mjane alimgeuzia tena shemeji yake macho, akamfuata nayo kwa mbali, hivyo Rra Ketlogetswe alibebwa katika kofia ya mwanawe hadi malishoni, akawahesabu ng'ombe wake kutoka humo. Kisha mjane alirudi nyumbani, akalitazama zizi tupu la mumewe. Hilo halikupungua.

Nyinyi vijana mnaoketi nyuma ya baraza, nisikilizeni. Kgosi anapouliza ni nani aliyeona, aliyeona asimame, hata kama shamba lake halijalimwa.